Nyumba nzima inataka nyanya, mikono yangu haitaki

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 38, mama wa watoto wawili. Naishi Mbagala, kazi yangu iko Kariakoo. Mwaka jana mwezi wa tisa vidole vilianza kuvimba. Nikadhani ni mkasi, maana kukata vitambaa kutwa si mchezo. Lakini ikafika mahali asubuhi nashindwa kufungua mfuniko wa chupa ya chai, namwita mtoto anifungulie, na mkono hauwi mkono mpaka saa nne. Januari nikapimwa damu, nikaambiwa ni baridi yabisi, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaugeukia mwili wenyewe. Nikaanzishiwa methotrexate, dawa ya kutuliza kinga hiyo, nameza mara moja kwa wiki, kila Jumapili, pamoja na foliki asidi, na prednisolone kidogo ya kila siku. Nilipouliza nile nini, niliambiwa "punguza mafuta" na mgonjwa mwingine akaitwa.

Mwezi huohuo wifi yangu aliyeko Marekani akanitumia kwa WhatsApp orodha ya lishe inayoitwa AIP (Autoimmune Protocol, yaani utaratibu wa ulaji kwa wenye magonjwa ya kinga), anasema kule watu wenye magonjwa ya kinga wanapona kwayo. Shangazi, orodha hiyo imeondoa kila kitu. Ngano, mahindi, mchele, maharage, kunde, choroko, karanga, mayai, maziwa, sukari, kahawa. Nyanya, hoho, pilipili, bilinganya, viazi mviringo. Hata binzari nyembamba, eti ni mbegu. Nimeifuata wiki saba sasa. Nimepungua kilo 5 na sketi zangu mwenyewe nazibana upya. Maumivu yamepungua, siwezi kudanganya, ila uchovu upo.

Tatizo langu ni jioni. Nikitoka kazini na foleni ya barabara ya Kilwa, nafika nyumbani saa mbili usiku. Hapo naanza: mboga yangu, mboga yao yenye nyanya, halafu ugali. Sufuria tatu kwenye jiko la pleti mbili, na mtungi wa kilo 6 haumalizi wiki tatu. Kusonga ugali ndiko kunanimaliza viganja. Juzi nikaamua wote tule mboga yangu. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akafunua bakuli akauliza, "Hii ni mboga, au ni maji yaliyooshewa samaki?" Mume wangu alikula kimya, na kimya chake nakijua.

Naomba unifundishe vyakula vya sufuria moja ambavyo nyumba nzima itakula, visizidi nusu saa au dakika arobaini. Na jingine: wifi anasema nikifikisha miezi mitatu ya lishe hii naweza kuacha dawa. Ni kweli?

Fundi wa Mbagala

* * *

Marahaba, mwanangu. Pole kwa vidole, na pole kwa sufuria tatu.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lililonishtua. Usiache dawa. Wifi yako anakupenda, lakini hapo kapotoka. Baridi yabisi ikiachwa bila tiba hula viungo taratibu, na kiungo kilicholika hakirudi, hata ule matembele ya shamba zima. Prednisolone ndiyo kabisa haikatwi ghafla. Daktari huishusha kidogo kidogo. Tena ona jambo hili: methotrexate haifanyi kazi siku unayoimeza. Huchukua kama wiki 6 hadi 12 ndipo mtu akaanza kuiona. Wewe dawa na orodha umevianza mwezi uleule, na nafuu imekujia wiki ya saba. Sasa hiyo nafuu ni ya nani? Ukiniuliza mimi, dawa ina haki ya kwanza kuidai.

Hizo kilo 5 nazo zitaje kliniki. Methotrexate inataka damu na ini vipimwe mara kwa mara, basi siku ya vipimo sema, "Nimepungua, nachoka, na nimeacha vyakula hivi na hivi." Usisubiri uulizwe, umeshaona mambo ya "punguza mafuta".

Mimi ni mpishi, si daktari. Ila mdogo wangu wa tumbo moja anaishi na lupus, nao ni ugonjwa wa kinga kama wako, mwaka wa tisa huu, na orodha kama hiyo ilishapita jikoni kwangu, tena imebandikwa kwenye mlango wa friji kama ratiba ya mitihani. Kwa hiyo nimeisoma. Si uzushi, ila haijathibitishwa kwa kiasi anachodhani wifi. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliijaribu kwa wagonjwa 15 wenye vidonda na uvimbe wa utumbo, na 11 kati yao ugonjwa ulikuwa umetulia kufikia wiki ya sita. Inapendeza kusikia, lakini ni watu 15, hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo, na baadhi yao walikuwa wanaendelea na dawa. Mwaka 2019 wakaijaribu kwa wanawake wachache wenye ugonjwa wa kinga kushambulia tezi ya shingo. Walijisikia vizuri zaidi, ila vipimo vya tezi havikubadilika. Kwa baridi yabisi yako, mwongozo wa 2022 wa chama cha madaktari wa viungo wa Marekani, kulekule aliko wifi, ulipendekeza ulaji wa watu wa Mediterania: samaki, mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa, mafuta ya zeituni. Lishe nyingine zenye majina haukuzipendekeza. Umeona kunde zimo?

Na orodha yenyewe, ukiisoma mpaka chini, ina sehemu mbili: kuondoa, halafu kurudisha. Watu wengi hukwama kwenye kuondoa, wakafanya kwaresma isiyo na Pasaka. Wiki saba zinatosha. Anza na maharage, maana ndiyo protini ya bei yako. Yaloweke usiku, mwaga maji, yachemshe yaive kabisa, kula kikombe nusu. Halafu usiongeze kitu kingine kipya kwa siku tano hadi saba. Lile daftari unaloandikia vipimo vya wateja, geuza nyuma, andika tarehe, ulichokula, na asubuhi vidole vimechukua muda gani kulegea. Maharage yakipita, leta yai. Likipita, leta nyanya. Hakuna utafiti imara ulioonyesha kwamba nyanya huamsha baridi yabisi kwa kila mtu, lakini wapo wanaosema inawasumbua, nami siwezi kubishana na kidole cha mtu. Daftari litakwambia.

Wakati nyanya bado umeiweka kando, kuna kitu orodha ya Marekani haijakitaja kwa sababu aliyeiandika hajawahi kukiona. Mnavu ni wa ukoo mmoja na nyanya. Nyanya chungu vilevile. Ukiacha nyanya huku unakula mnavu mara tatu kwa wiki, hujaacha kitu. Mchicha, matembele, majani ya maboga, bamia, kabichi, hao hawamo katika ukoo huo. Na vile vipande vya supu vya dukani, soma karatasi yake. Vingi vina ngano au soya, na pilipili iko humohumo.

Basi twende jikoni.

Kosa lako, mwanangu, ni kupika mboga mbili. Pika moja, isiyo na nyanya wala pilipili, na ukali wote uhamie pembeni. Kachumbari ya nyanya na pilipili mbuzi, bakuli moja katikati, kila mtu ajichotee. Mama mkwe atapata nyanya yake, tena mbichi, na wewe hutagusa. Alichokilalamikia siku ile, nadhani, si nyanya. Mboga ilikuwa imepooza. Nyanya kwenye mchuzi wetu hufanya kazi mbili, hutia uchachu na huufanya mchuzi uwe mzito. Ukiitoa bila kuweka mbadala, unabaki na maji ya kuoshea samaki kweli. Uchachu upate kwenye ndimu, au embe bichi msimu wake. Uzito upate kwenye tui, au kwenye kiazi kitamu kilichovurugikia humo.

Hapa ndipo ninapomcheka kidogo wifi yako. Kule anakoishi, tui la nazi ni chakula cha mgonjwa, linauzwa kwenye kopo, watu wanaandikiana wapi linapatikana. Sisi tumelelewa nalo. Samaki, tui, kiazi kitamu, ndizi mbichi, majani: nusu ya orodha hiyo ya kupika ilikuwa kwa bibi yako kabla Marekani haijaipa jina.

Chakula cha kwanza ni vibua wa tui. Nimekuchagulia vibua kwa sababu ni samaki wa mafuta, yale yanayosemwa kusaidia viungo vilivyovimba, na si wa bei ya changu. Chukua sufuria pana, ile ya masikio mawili. Kikaango cha mkono mmoja mrefu kiache, uzito wake wote huangukia kwenye kifundo. Tandaza vitunguu maji viwili vilivyokatwa, na kijiko cha mafuta ya nazi, moto wa wastani, dakika nne. Tia tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, kijiko kimoja kimoja cha chakula, na nusu kijiko cha chai cha manjano. Koroga mara mbili mpaka harufu ikupige. Sasa panga viazi vitamu vitatu vilivyokatwa unene wa kidole, mimina tui jepesi mpaka vifunikwe, chumvi, funika. Dakika kumi na mbili.

Ukichoma kiazi na ncha ya kisu kikaingia lakini kikashika kidogo, laza vibua wanne juu yake. Usiwazamishe wala usiwageuze. Wafunike, waive kwa mvuke dakika nane. Nyama ikianza kuachia mfupa wa mgongoni, sukuma samaki pembeni, jaza mafungu mawili ya matembele, mimina tui zito, na hapa teremsha moto. Tui zito likitokota kwa hasira hukatika, ukaona mafuta huku na maji kule. Dakika tatu, nne. Zima jiko, kamua ndimu nzima wakati jiko limeshazimwa, si kabla. Onja. Kama bado ndimi zinalala, ongeza ndimu, usikimbilie chumvi, maana prednisolone na chumvi nyingi hujaza mtu maji.

Bila kuhesabu kukata, ni kama nusu saa. Kiazi kimo ndani, kwa hiyo wewe huhitaji ugali. Wanaotaka ugali wapo, nao nitawafikia.

Cha pili ni mtori, na najua utasema huo ni wa Wachaga na ni wa asubuhi. Uwe wa usiku. Mtori wa ndizi na nyama haujawahi kudai nyanya, na hakuna atakayeuliza imekwenda wapi. Kwa siku ya kazi usitumie nyama ya mifupa, itakulaza njaa. Tia nyama ya kusaga nusu kilo kwenye sufuria kavu, iache ijikaange kwa mafuta yake bila kuikoroga koroga, mpaka ishike rangi chini. Kitunguu, karoti mbili, kitunguu saumu. Ndizi mbichi kumi zilizomenywa, maji ya kuzifunika, chumvi. Dakika ishirini na tano. Wengine huweka maziwa au siagi mwishoni; wewe weka tui vijiko vitatu. Saga kwa mwiko ukiwa umeuegemeza ukingoni mwa sufuria, usizungushe kifundo. Au mpe mtoto. Ndizi zimenye siku ya Jumamosi, zitie kwenye maji yenye ndimu ndani ya friji, na ukizimenya paka mafuta mikononi, utomvu wake huganda na wewe hutaki kusugua vidole hivyo.

Cha tatu hata si mapishi. Kabichi nusu iliyokatwa nyembamba, karoti, tangawizi, na dagaa wa kukaangwa kikombe kimoja waliooshwa vizuri, vyote kwenye sufuria ileile, dakika kumi na tano, ndimu juu. Dagaa huliwa na mifupa yake, na wewe uliyeacha maziwa huku unameza prednisolone, mifupa yako inaidai hiyo kalsiamu.

Muhogo nimeuruka makusudi. Ni mzuri, na orodha yako inauruhusu, lakini muhogo mbichi usiutumbukize moja kwa moja kwenye tui ukaenda nao hivyo. Unamenywa, unachemshwa sufuria ikiwa wazi, maji yanamwagwa, ndipo unaungwa. Ni sumu yake hiyo inayotoka na maji na mvuke. Kisamvu nacho kitwangwe, kichemshwe sana. Ni chakula cha Jumamosi, si cha saa mbili usiku.

Sasa viungo, na hapa nasema vya chakula, maana Kiswahili kimetuwekea jina moja kwa vyote viwili na wewe vyote vinakuuma. Tangawizi, manjano, kitunguu saumu, mdalasini, karafuu, mchaichai, majani ya giligilani: tumia. Binzari ya mchuzi ya pakti iache kwa sasa, mara nyingi ina pilipili na mbegu mlemle. Manjano ya kwenye chakula ni sawa, lakini vidonge vya manjano, au zile chupa za "dawa ya viungo" zinazonadiwa kwenye daladala, usimeze bila kumwonyesha daktari. Dawa za namna hiyo zimewahi kukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa za jamii ya prednisolone yako, kimyakimya. Ndiyo maana mtu anakunywa leo, kesho anaruka.

Mikono. Nazi usikune kwa mbuzi, sokoni kuna mashine, nunua iliyokunwa, kamua kwa kitambaa ukiwa umeifunga kwenye bomba la maji na kuisokota kwa fimbo ya mwiko, si kwa kiganja. Au tui la pakti, ukisoma kwamba halina vitu vingine. Viazi vitamu waweza kuvichemsha na maganda Jumapili, ukivimenya baadaye ganda linavuka lenyewe kama soksi. Mpini wa kisu uviringishie mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka unenepe. Kiganja kinachoshika kitu kinene hakikazi sana. Mdogo wangu alifanya hivyo mpaka kwenye mswaki. Wewe fundi, na mkasi wako pia ufikirie.

Na ugali. Mwanangu, umeniandikia watoto wawili, hukuniambia umri wala jinsia, ila umesema yupo anayekufungulia chupa ya chai. Anayeweza kufungua mfuniko huo anaweza kushika mwiko. Awe wa kike awe wa kiume, ugali wa nyumba hiyo uwe wake kuanzia wiki hii. Mama mkwe akiguna kwamba mtoto wa kiume hasongi ugali, mwambie kwa adabu kwamba jeshini wanasonga kwa koleo. Naye baba watoto, huyo wa kimya, kachumbari haimshindi. Asubiri nini mpaka saa mbili, wakati nyanya ziko kwenye kikapu na yeye kafika saa kumi na mbili? Hili si la kumtumia ujumbe. Mwite, mwonyeshe vidole asubuhi kabla havijalegea, ajaribu mwenyewe kuvikunja.

Uniandikie baada ya maharage. Na ukienda Feri kununua vibua, muuzaji akikutolea matumbo na kukuparia magamba, mwambie vichwa aviache. Vipange juu kabisa ya sufuria, uvitoe kwanza, umwekee mama mkwe kwenye sahani yake na kipande cha ndimu. Kama ni mtu wa Pwani, hatasema tena habari ya maji ya samaki.